Gongo la besiboli la kuchongesha: mepo ya kuagiza au mninga wa mkereza wetu?

KijanaWaKikwajuni
Assalaam aleykum wanajukwaa. Nna vijana kumi na wanne, tunacheza besiboli jioni kwenye kiwanja cha skuli hapa Kikwajuni, Unguja, mchanga mtupu. Tulipewa magongo mawili ya aluminiamu, moja limeshabonyea. Sasa nataka la mbao, la kuchongesha kwa vipimo: urefu inchi 33, uzito onsi 30, yaani kama sentimita 84 na gramu 850. Njia nilizonazo: kuagiza Marekani la mepo (ule mti ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada), kuagiza la ashi (mti mwingine wa huko), au kumpa kazi mkereza wa hapa mjini anitolee la mninga. Lipi?

Na tafadhali msiseme "bati". Juzi nimemwambia muuza duka natafuta bati la besiboli, akaniuliza geji ngapi.

Kaskazi77
Wa aleykum salaam. Geji 30 ndugu yangu, bei poa 😂

Tukiacha mzaha, tuanze na mepo. Mmarekani Barry Bonds alipopiga homurani 73 (mipigo ya kuutoa mpira nje ya uwanja) mwaka 2001 mkononi alikuwa na mepo, na wachezaji wengi wakahamia huko. Ngumu, upande mnene hauchakai upesi. Ashi ni nyepesi kidogo, inanesa, hata ukiupiga mpira vibaya mikono haiumii sana. Kasoro yake, ukilitumia sana linabanduka magamba magamba kama kitunguu. Tena miti yenyewe inakwisha: kuna mdudu wa kijani katoka Asia, akagunduliwa Michigan, Marekani, mwaka 2002, kaua ashi kwa mamilioni. Kati ya hizo mbili kuna bachi, mbao ya tatu ya huko, ngumu kuliko ashi na inanesa kuliko mepo. Mimi ningechukua hiyo.

Maalim Bi Zuu
Mwanangu, umepiga hesabu ya nauli na ushuru? Gongo la mbao huvunjika, hata liwe la nani. Wajapani wameuweka mpira huu mbele kuliko chakula, na mashindano yao ya skuli za sekondari yameruhusu magongo ya chuma tangu 1974, sababu kubwa ni gharama. Wanaojifunza waachie aluminiamu. Hilo la mbao liwe la wawili watatu walioiva.

KijanaWaKikwajuni
Nimekusikia maalim. Ila lililobonyea linalia kama sufuria, watoto wanacheka kila mpigo.

SeremalaWete
Yakhe, mnabishana majina ya miti, mimi nawauliza uzi wa mbao, ile mistari yake, umelala vipi.

Hao Wamarekani mwaka 2008 walikuwa na tabu: magongo ya mepo yanapasuka, vipande vinaruka uwanjani kama mikuki. Wakaita wataalamu wa mbao. Kosa kubwa likaonekana ni uzi kwenda upogo. Tangu hapo gongo la mepo la ligi kuu yao linatiwa tone la wino kwenye mkono wake, pale pa kushikia. Wino unakimbia kufuata uzi. Ukienda sambamba na gongo, zima. Ukihama zaidi ya digrii 3, halifai. Wewe huhitaji kipimo cha digrii: katika sentimita 20, uzi usihame zaidi ya sentimita 1.

Sasa mninga. Mbao tulivu, haujipindi ukikauka, unang'arika vizuri. Lakini huo ni mti wa makabati. Mpini wa jembe wa mninga umeuona wapi? Mkwaju ni mgumu kweli, ila kwa umbo hilo hilo utakaribia kilo 1.2, kijana atapungiza hewa mpira ushafika nyuma. Mpingo usiutaje, unazama majini, gongo lake litapita kilo moja na nusu. Mpera ndio wa manati na mipini, unavumilia kipigo. Tabu yake ni kupata pande lililonyooka la sentimita 84, nene kupita 7 ili ukikereza ibaki 6.6, maana ndio mwisho wa unene unaoruhusiwa. Mipera yetu imepinda kama mwezi mwandamo.

Ukilipata, lipasuliwe kwa shoka, lisichanwe kwa msumeno. Shoka hufuata uzi, msumeno hufuata mkono wa fundi. Na likauke kivulini miezi, si wiki. Kwa unyevu wa visiwa hivi mbao mbichi inakudanganya kwenye mizani.

Kaskazi77
Mashallah, nimefuta nusu ya maneno yangu.

KijanaWaKikwajuni
Mrejesho. Nimekwenda kwa mkereza na chupa ya wino. Alikuwa ameshakereza mninga wangu nusu, mzuri, mwekundu, mkono mwembamba kama ulivyotakiwa. Nikatona tone. Wino ukatambaa kidogo, ukakata kona, ukatokea ubavuni. Mzee akavua miwani, akaangalia, akavaa tena. "Huu utakuwa mguu wa kitanda," akasema, akauweka pamoja na mitatu mingine ambayo kumbe ilikuwa inamsubiri mwenzao.

Kisha akaenda uani akaniletea gogo la mpera lililokaa juu ya kenchi tangu kusi ya mwaka jana. Limeliwa na wadudu upande mmoja, mwingine umenyooka. Kapasua mbele yangu, uzi safi. Bachi nitaagiza moja tu kwa ajili ya mashindano, na lile la chuma nitampelekea mtu alinyooshe.

Swali la mwisho: anasema akimaliza atalipaka sifa, yale mafuta ya papa, ili lisinywe maji. Nimkatalie vipi, na mzee mwenyewe umri wa babu yangu?

SeremalaWete
Mnunulie mafuta ya kitani, mpelekee kama zawadi. Sifa ni ya majahazi. Ukilipaka gongo, mtacheza na paka wote wa Kikwajuni.