Uzamili wa historia ya Wayahudi: Yerusalemu, London, Ujerumani au Cape Town?

Jeptoo_Uasin

Wadau, hamjambo. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya upili hapa Eldoret, na nimeamua kwenda kusoma uzamili katika historia ya Wayahudi. Kabla hamjauliza: mimi si Myahudi, na sitafuti urabi wala uchungaji. Kilichonivuta ni ardhi hii ninayoishi. Mwaka wa 1903 serikali ya Uingereza iliwaambia Wazayuni, waliokuwa wakitafuta nchi ya Wayahudi, kwamba iko tayari kuwagawia sehemu ya nyanda hizi wawaweke Wayahudi waliokuwa wakikimbia mauaji Urusi. Vitabu vyetu vya shule vinalimaliza jambo hilo kwa sentensi mbili. Na kwa kuwa liliitwa "Mpango wa Uganda", wanafunzi wangu huitafuta Kampala kwenye ramani, ilhali uwanda wenyewe wanauona dirishani.

Nimepunguza orodha hadi nne: Hebrew University ya Yerusalemu, University College London (UCL), Ujerumani (nasikia Berlin, Potsdam na Heidelberg, tofauti zake sizijui) na Cape Town. Karo ni tatizo, nisiwafiche. Nina Kinandi, Kiswahili na Kiingereza; Kiebrania najua herufi tu. Mngekuwa mimi, mngeanzia wapi?

Mzee_wa_Mafaili

Mwalimu, mimi nisingeanza na chuo. Ningejiuliza kwanza karatasi za jambo hilo ziko wapi na ziliandikwa kwa lugha gani.

Haya, tuzihesabu. Barua ya Agosti 14, 1903 iliyotoka kwa Sir Clement Hill kwenda kwa Greenberg, mjumbe wa Herzl, kiongozi wa Wazayuni, ni ya Kiingereza. Lakini usikimbilie mafaili ya Wizara ya Makoloni: hadi 1905 himaya ya Afrika Mashariki ilikuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Nje, kwa hiyo pale Kew, London, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, anza na mafaili ya FO (Mambo ya Nje) ndipo uende kwenye CO (Makoloni). Wengi hupoteza siku nzima kwenye rafu isiyo yake.

Halafu mkutano wa sita wa Wazayuni, Basel, Uswisi, Agosti hiyohiyo. Walipiga kura 295 kwa 178 kutuma tume ije kukagua ardhi, na wajumbe wa Urusi wakatoka ukumbini kwa hasira. Kumbukumbu za mkutano huo neno kwa neno ni za Kijerumani. Herzl aliandika kwa Kijerumani, na gazeti lake, Die Welt, ni la Kijerumani. Tume ilikuwa ya watu watatu: Gibbons Mwingereza, Kaiser Mswisi, na Wilbusch, mhandisi kutoka Urusi, ambaye kati yao ndiye aliyeiponda ardhi yenu kuliko wote. Mkutano wa saba ukalikataa jambo lote mwaka 1905.

Kwa mada hii, basi, lugha yako ya kwanza baada ya Kiingereza ni Kijerumani. Kiebrania na Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, vinakuja utakapotaka kujua Myahudi wa kawaida wa Vilna au Odessa, huko himaya ya Urusi, alisema nini aliposikia habari za Afrika, na hizo ndizo kurasa tamu. Lakini usipange mambo kinyumenyume.

Jeptoo_Uasin

Kijerumani! Hilo sikulitarajia hata kidogo. Nilikuwa nimeshajiandikia ratiba ya Kiebrania ya mwaka mzima.

Msomi_wa_Bloomsbury

Mzee wa Mafaili kanitangulia, ila naitetea London. UCL ilianza kufundisha Kiebrania mwaka 1828, profesa wa kwanza akiwa Hyman Hurwitz, Myahudi. Wakati huo Oxford na Cambridge zilikuwa bado zinabagua kwa dini. Chuo chetu kilifungua mlango kwa mwanamume yeyote mwenye kichwa na ada. Idara ya Kiebrania na Masomo ya Kiyahudi inafundisha Kiebrania cha Biblia, Kiebrania cha leo na Kiyidi, na historia kuanzia enzi za kale hadi jana. Darasani kwangu walikuwepo Wakatoliki, Waislamu wawili, na Wayahudi wasiokanyaga sinagogi. Dini ya mtu haikuwa habari.

Kizuri zaidi ni ujirani. Kew unafika kwa treni ya chini ya ardhi na kurudi jioni. Wiener Holocaust Library, iliyoanzishwa Amsterdam mwaka 1933 na kuhamia London 1939, iko Russell Square, mwendo wa dakika chache kutoka chuoni. Uzamili ni mwaka mmoja tu.

Ubaya wake unaujua: ada ya mwanafunzi wa nje ni makumi ya maelfu ya pauni. Bila Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, au ule wa Jumuiya ya Madola, usijisumbue. Chevening wanataka uwe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na ukimaliza urudi nyumbani miaka miwili. Wewe ni mwalimu mwenye mada iliyo dirishani pa darasa lako. Insha yao imeshajiandika.

Mama_Neema_Berlin

Dada Jeptoo, karibu Ujerumani, ila uje na macho wazi.

Tofauti za miji uliyouliza: Freie Universität hapa Berlin ina taasisi ya Judaistik, Wayahudi wakisomwa kama somo lolote jingine la chuo, maandishi ya kale mengi. Potsdam ni mwendo wa treni kutoka kwetu. Kuna masomo ya Kiyahudi ya kawaida, na tangu 2013 kuna pia shule ya teolojia ya Kiyahudi ndani ya chuo kikuu, ambako marabi wajao husoma. Usichanganye milango hiyo miwili unapojaza fomu. Heidelberg wana chuo chao maalumu, Hochschule für Jüdische Studien, cha tangu 1979, chini ya Baraza Kuu la Wayahudi wa Ujerumani. Kinapokea watu wa dini zote.

Pesa: Berlin na Potsdam vyuo vya serikali havitozi ada ya masomo, unalipa mchango wa muhula tu. Jimbo la Baden-Württemberg, Heidelberg iliko, linatoza wanafunzi wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula kwenye vyuo vyake vya serikali. Lakini msikie "bure" mkafunga mizigo! Ubalozi unataka uoneshe akaunti iliyofungwa, yenye pesa zako za kujikimu. Mara ya mwisho nilipomsaidia mtu ilikuwa euro 11,904 za mwaka mmoja. Hiyo ndiyo inayowaangusha wengi, au upate DAAD, ufadhili wa masomo wa Ujerumani.

Na masomo ni kwa Kijerumani. Sehemu kubwa wanataka pia Hebraicum, mtihani wa serikali wa Kiebrania cha kale. Kwa mada yako Hebraicum ni mzigo usiouhitaji sana, lakini utaubeba.

Niseme na hili. Fani hii ilizaliwa hapahapa. Mwaka 1819 vijana wachache wa Kiyahudi, Leopold Zunz akiwa mmojawapo, waliunda chama Berlin ili historia yao isomwe kisayansi. Zunz akaomba mwaka 1848 kiwepo kiti cha somo hilo katika chuo kikuu cha Berlin. Akakataliwa. Wayahudi wakajijengea taasisi yao mwaka 1872, na Wanazi wakaifunga 1942, rabi Leo Baeck akifundisha wanafunzi waliobaki wa kuhesabu kwa vidole hadi mwisho. Leo Wajerumani wasio Wayahudi ndio wengi madarasani. Kuna siku hilo linakukaa vibaya, na walimu wenyewe wanalizungumza.

Dogo_wa_Meru

Mbona mnamtuma mbali hivyo? Chuo cha Makumira hapa Arusha Kiebrania kipo. Nairobi vyuo vya teolojia vimejaa. Asome hapo aokoe hela.

Mzee_wa_Mafaili

Kipo, dogo, na kinafundishwa vizuri. Ila ni Kiebrania cha Agano la Kale, chenye nukta na vistari vya irabu juu na chini ya herufi. Mpe aliyefundishwa hapo gazeti la Kiebrania la 1903: konsonanti tupu, hakuna nukta za irabu, na mhariri wa Warsaw anabana maneno ya Musa yabebe habari za reli ya Uganda. Atasoma Mwanzo sura ya kwanza kama maji, lakini kichwa cha habari kitamshinda. Akitaka msingi wa sarufi kwa bei nafuu kabla ya kusafiri, sawa kabisa.

Aliyepita_Yerusalemu

Nimesoma Hebrew University, kampasi ya mlima Scopus, kwa hiyo msikilizeni mtu aliyekula vumbi. Chuo kilifunguliwa Aprili 1925, na Taasisi ya Masomo ya Kiyahudi ilikuwapo hata kabla ya ufunguzi. Kuna shule ya wanafunzi wa kimataifa yenye uzamili kwa Kiingereza.

Hakuna mahali utajifunza Kiebrania haraka kama pale. Darasa la lugha wanaliita ulpani, asubuhi hadi mchana, mwalimu hasemi lugha nyingine hata ukilia. Ukitoka hapo unanunua nyanya sokoni Mahane Yehuda kwa lugha uliyofundishwa saa mbili zilizopita, na muuzaji anakusahihisha bila haya.

Tulisoma Talmudi, mkusanyo wa sheria na mijadala ya marabi, wawili wawili mezani. Ukurasa wenyewe ni kama baraza: katikati matini, upande mmoja Rashi wa Ufaransa wa karne ya 11 anaeleza neno kwa neno, upande wa pili wajukuu zake wanambishia, na pembezoni watu wa karne za baadaye wanaingilia. Mwenzangu alikuwa bibi mstaafu kutoka Haifa. Mstari mmoja ulituchukua alasiri nzima, na tuliachana tukiwa hatujakubaliana.

Kwako mwalimu, Central Zionist Archives iko Yerusalemu. Ilianza Berlin 1919 ikahamishwa 1933. Humo utakuta karatasi za Herzl, na za Israel Zangwill, aliyejitenga na wenzake mwaka 1905 akaendelea kutafuta nchi nje ya Palestina. Maktaba ya Taifa imehamia jengo jipya tangu Oktoba 2023.

Mwezi huohuo, mnajua kilichotokea. Sisi Watanzania tulipoteza vijana wawili waliokwenda mafunzo ya kilimo, waliouawa kwenye shambulio la Oktoba 7. Vita vya Gaza vilivyofuata vimeua maelfu kwa maelfu, na kusoma huko sasa si jambo la kulitazama kwa jicho la ada peke yake. Ndege husitishwa, bima hukataa, na Mpalestina unayekaa naye darasani Scopus ana ya kwake kifuani. Mimi ningekwenda kwa miezi michache ya nyaraka mambo yakitulia, shahada nikaisomee kwingine.

Mla_Kabichi

Kuna haja gani ya kusoma Wayahudi kipindi hiki? Someni historia yenu.

Jeptoo_Uasin

Ndiyo ninayoisoma, ndugu yangu. Wanandi na Wamaasai hawakuulizwa na Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, hawakuulizwa na Basel, na mwaka wa 1908 makaburu walipofika na magari yao ya ng'ombe hawakuulizwa tena.

Kaka_wa_Rondebosch

Cape Town kwa kifupi. UCT ina Kaplan Centre tangu 1980, nzuri sana kwa Wayahudi wa kusini mwa Afrika, ambao wengi wao asili yao ni Lithuania. Maisha nafuu kuliko London, Kiingereza, hauvuki bahari. Lakini kwa mada ya 1903 karatasi zako haziko huku. Ungekuwa unafuatilia wafanyabiashara wa Kilithuania waliopanda kutoka Afrika Kusini hadi Nairobi, ningekuita kesho.

Bin_Malindi_Unguja

Mada ya Bi Jeptoo imeshapata watu wake, mimi naongeza kwa wanaopita hapa wakiwa na Kiarabu cha chuoni na madrasa, maana wapo wengi na hakuna anayewaambia. Wayahudi wa Misri na Yemen waliandika Kiarabu kwa herufi za Kiebrania, sawa na wazee wetu walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Cambridge wana vipande karibu 193,000 kutoka stoo ya sinagogi la Ben Ezra, Kairo, vilivyobebwa na Solomon Schechter mwaka 1896 na 1897. Humo mna barua za wafanyabiashara wa karne ya 12 baina ya Aden na Malabar, pwani ya India: pilipili, chuma, jahazi lililozama, mke anayelalamika mume hakurudi na msimu. Bahari yetu hiihii, pepo zetu hizihizi. Mwenye Kiarabu akajifunza herufi 22 anaanza kusoma mapema kuliko anavyodhani. Oxford nao tangu 2021 wana shule ya lugha adimu za Wayahudi, kwa mtandao, bila malipo, na Kiarabu cha Kiyahudi kimo.

Wanale_Boy

Nipo Mbale. Msisahau kwamba Wayahudi hai wapo jirani. Abayudaya wa kilima cha Nabugoye walianzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, Amin akawapiga marufuku, wakarudi. Rabi wao, Gershom Sizomu, alisomea Los Angeles akawekwa wakfu 2008. Hawana uhusiano na mpango wa 1903, watu huchanganya kwa sababu ya jina Uganda. Ila ukitaka kusikia Zaburi za Kiebrania kwa ngoma na Kiganda, Ijumaa jioni njoo, mwalimu. Eldoret hadi hapa ni safari ya siku moja, kutegemea mpaka wa Malaba.

Jeptoo_Uasin

Asanteni sana. Basi nimepanga hivi: naomba Chevening na UCL mwaka huu, na DAAD na Potsdam kama akiba. Cape Town naiacha. Yerusalemu ni ya nyaraka, si ya shahada, na si sasa. Wakati nasubiri, Kijerumani Goethe-Institut Nairobi wakati wa likizo. Mzee wa Mafaili, kuna la kusoma bila kusafiri?

Mzee_wa_Mafaili

Lipo tele. Die Welt yote iko kwenye tovuti ya Compact Memory ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt, bure. Magazeti ya Kiebrania na ya Kiyidi yako kwenye mkusanyo wa Maktaba ya Taifa ya Israeli, bure pia. Anza na Die Welt ya Agosti na Septemba 1903, kamusi mkononi.

Mwandiko wa mkono wa Kijerumani wa zama zile uache kwanza hadi ufike B1, ngazi ya kati ya lugha. Ukifika, njoo Dar: Hifadhi ya Taifa hapa ina mafaili ya utawala wa Wajerumani, utafanyia mazoezi hapo kabla Yerusalemu haijakutoa jasho. Na kabla ya yote, wazee wa Kinandi wanaokumbuka simulizi za ule uwanda warekodi sasa. Hao hawapo Kew, na Die Welt haikuwauliza.

Jeptoo_Uasin

Babu yangu mmoja yuko Kapsabet, ana miaka zaidi ya tisini na masikio bado mazima. Naenda Jumamosi.