Kofia ya mawimbi ya sauti kwa saratani ya ubongo: tutume amana au tusitume?

BintiPangani

Habari za jioni wanajukwaa. Naomba msaada wa mwenye ujuzi, maana nyumbani hatulali.

Kaka yangu ni mwalimu wa sekondari, Tanga. Alianza kuangusha chaki, akawa anasahau majina ya wanafunzi wake, mwisho akaanguka kifafa darasani. MRI ikaonyesha uvimbe upande wa kushoto, juu kidogo ya sikio. Amepasuliwa, na majibu ya maabara yanasema glioblastoma, saratani ya ubongo ya daraja la nne. Daktari amempangia mionzi pamoja na vidonge vya temozolomide, dawa ya kemo.

Sasa kuna wakala wa kupeleka wagonjwa nje katutumia video. Mzee anavishwa kofia kubwa, anaingizwa kwenye MRI, anatoka mkono umetulia, anakunywa maji kwenye glasi bila kumwaga hata tone. Wakala anasema hiyo ndiyo altrasaundi, yaani mawimbi ya sauti, inayochoma uvimbe bila kisu. Anataka amana wiki hii, na eti mionzi isubiri kwanza. Wazee wameshaanza kuzungumzia kuuza shamba la minazi. Je, kitu hiki kipo kweli?

Mwana_Ukerewe

Pole sana dada. Ya hiyo mashine siyajui, lakini mke wangu alipigwa mionzi ya kichwa Dar, ile ya kuvalishwa maski ya plastiki yenye matundu, kwa hiyo nakuomba jambo moja: msisimamishe mionzi kwa neno la mtu asiye daktari wake. Huyo wakala ameiona hata picha moja ya kaka yako?

Radiografa_Mvita

Dada, pole wewe na wazee. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, radiografa wa MRI hapa Toronto, na kofia hiyo nimewaandalia wagonjwa kwa mikono yangu. Kwa hiyo ndiyo, kipo. Ila mliyoonyeshwa ni habari nyingine.

Mzee wa kwenye video, kwa unavyoeleza, hana saratani. Huyo ana ugonjwa wa kutetemeka mikono. Matibabu yake ni kuunguza kijisehemu kidogo sana katikati ya ubongo, na Marekani waliyaidhinisha mwaka 2016. Mkono kutulia palepale ni kweli kabisa, nimeuona na machozi yakanitoka. Lakini huwezi kuichukua video ile ukamwonyesha mtu mwenye glioblastoma. Hilo limeniuma.

Kofia ina vyanzo vya sauti 1,024. Kila kimoja ni dhaifu, kinapita fuvuni bila kudhuru. Nguvu iko pale yanapokutana mawimbi yote, kama watu wanaovuta mashua ufukweni: mmoja hawezi kitu, lakini wote wakishika kamba mashua inapanda. Hapo penye makutano joto linafika nyuzi 55 hadi 60 na chembe zinakufa. Kabla ya hapo mgonjwa ananyolewa upara, kwa sababu hewa inayonasa kwenye nywele inazuia sauti. Anafungwa fremu kwa skrubu nne baada ya ganzi, anavishwa utando wa mpira, na maji baridi yanazungushwa kati ya kofia na kichwa ili mfupa usiungue.

Hapo ndipo tatizo la kaka yako lilipo. Kuunguza kwa njia hii kunafanya kazi vizuri katikati ya ubongo. Uvimbe ulio karibu na fuvu, kama wake, ni mgumu kufikiwa, kwani mfupa unapata joto kabla ya uvimbe. Isitoshe, glioblastoma haina mpaka. Mizizi yake imeshatambaa ndani ya ubongo unaoonekana mzima kwenye picha. Ukiunguza donge, mizizi imebaki.

Matumaini makubwa ya saratani yako kwenye matumizi mengine kabisa, ya nguvu ndogo, yasiyounguza chochote. Mishipa ya damu ya ubongo ina ukuta uliobana sana, dawa nyingi za kemo hazipenyi. Mgonjwa anachomwa sindano ya viputo vidogo mno kwenye mshipa, halafu mawimbi yanavitikisa pale penye uvimbe. Vikitikisika, kuta zinaachia kidogo, dawa inaingia, na kwa kawaida ndani ya siku moja zimejifunga tena. Mtafiti Kullervo Hynynen na wenzake walionyesha hilo kwa sungura mwaka 2001, Boston. Mwaka 2015, hapa hospitali ya Sunnybrook, likafanyika kwa mara ya kwanza bila kufungua fuvu kwa mtu mwenye uvimbe wa ubongo, akiwa amepewa doxorubicin, dawa ya kemo. Mwaka 2021 wakaripoti wanawake wanne ambao saratani ya matiti ilikuwa imefika ubongoni, na picha zilionyesha dawa yao ya saratani, trastuzumab, imeingia zaidi kwenye vivimbe vilivyolengwa.

Naiamini kazi hii kwa moyo wote. Lakini kwa glioblastoma bado ni utafiti, tena unafanywa kusaidia dawa ifike, na mionzi haiachwi kwa ajili yake. Mionzi ya wiki sita pamoja na temozolomide ndiyo iliyothibitishwa kurefusha maisha, tangu 2005. Wakala asiyeweza kukutajia namba ya usajili wa utafiti na jina la daktari anayeuongoza, usimtumie hata shilingi.

BintiPangani

Asante sana kaka. Nimemsomea baba mdogo maneno yako yote, ameshika kichwa. Kaka anaanza mionzi Jumatatu. Na kama baadaye tukitaka kuomba utafiti wa kweli, tuweke nini tayari? Kichwani amebaki na vibati vya chuma vya upasuaji.

Radiografa_Mvita

Vizuri sana, aanze. Ombeni ripoti ya upasuaji inayotaja vibati hivyo ni vya madini gani na viko wapi. Titani kwa kawaida haina shida ndani ya MRI, lakini kibati cha madini yoyote kikiwa kwenye njia ya sauti kinaipotosha. Chukueni picha zote za MRI kwenye CD, msipige filamu kwa simu. Na muulizeni daktari kama kipande cha uvimbe kilipimwa MGMT. Kama hakikupimwa, maabara wasikitupe. Kipimo hicho kinaonyesha temozolomide inaweza kumsaidia kiasi gani, na watafiti wengi watakiulizia mapema. Vile vidonge ameze tumbo likiwa tupu, na dawa ya kuzuia kutapika itangulie, kwa muda atakaopangiwa na daktari wake.