Naomba ushauri: neutrofili (aina ya seli nyeupe za damu) zinachafua tabaka la seli, damu ya kutoka Kongwa
Wakuu, damu yenye heparini (dawa ya kuzuia isigande) inachukuliwa Kongwa asubuhi, inafika maabara Dodoma mjini jioni. Inachanganywa nusu kwa nusu na PBS (maji ya chumvi yenye bafa), inawekwa taratibu juu ya Ficoll (kimiminika cha kutenganisha seli kwa densiti) ya 1.077 g/ml, inazungushwa kwenye sentrifuji kwa 400 g (mara 400 ya nguvu ya mvutano) dakika 30, nyuzi 20, breki imezimwa. Tabaka jeupe, ambalo nataka liwe na limfositi na monositi (seli nyeupe nyingine), linatoka na neutrofili kibao. Nashuku ucheleweshaji: zikikaa sana huamka, densiti hushuka, zinaelea, barafu huzidisha, ingawa wengi bado wanaiweka. Isitoshe, monositi zinatoa TNF (protini ya kuamsha uvimbe) hata bila LPS (endotoksini ya bakteria, ya kuzichochea)! Je, nichochee damu nzima kulekule, LPS nanogramu 100 kwa mililita, saa 24, nyuzi 37? Au nipime kwanza endotoksini kwenye PBS?