Bolti za M10 za Hilux LN106 zinagoma kuingia, za saizi yake zinapatikana wapi?

Pikapu94
Wakuu, Hilux LN106 ya 1994, injini 3L. Natafuta bolti mbili za breketi ya altaneta. Kwa vernia (kipimio cha unene) ni milimita 10, yaani M10, lakini za duka la vifaa vya ujenzi zinaingia mizunguko miwili zinakaza. Pia klipu za paneli za milango zimevunjika. Nianzie wapi?

SpanaKumiNaNne
Mkuu, acha kulazimisha, utaua uzi wa tundu. Unene umepatia, tatizo ni uzi. M10 ya duka la ujenzi ina nafasi ya mm 1.5 toka uzi hadi uzi, ya Toyota ni 1.25. Pima urefu wa nyuzi 10 kwenye bolti: zikichukua mm 12.5 ni 1.25, zikichukua mm 15 ni 1.5. Au laza bolti mbili uzi kwa uzi ukizielekeza kwenye mwanga. Zisipolalana, siyo yenyewe. Hata kichwa kinasema: M10 ya Toyota kwa kawaida hufunguliwa kwa spana 14, ya dukani 17 au 16.

M6 na M8 hazisumbui, uzi wa dukani ni uleule (1.0 na 1.25). Balaa linaanzia M10, na M12 ni zaidi: Toyota 1.25, dukani 1.75. Stadi za tairi nazo ni M12 uzi 1.5, usizichanganye.

Kama tundu limeshaumia mwanzoni, pitisha tepu (chombo cha kukatia uzi ndani ya tundu) ya M10x1.25 yenye oili: nusu mzunguko mbele, robo nyuma, chuma kilichokatwa kitoke.

UziMwembamba
Naongezea ugumu. Bolti isiyo na alama kichwani ni laini, ifunge kibao cha namba tu. Kwa breketi chukua yenye alama ya ugumu 8.8 kwenda juu. Breki, usukani na springi usibahatishe kabisa, agiza kwa namba ya spea. Urefu pima kuanzia chini ya kichwa. Ikizidi inagota mwisho wa tundu, unadhani imekaza kumbe breketi inacheza.

Usiende mbali kutafuta. Nissan, Mazda na Mitsubishi nyingi za Kijapani zinatumia M10x1.25 hiyohiyo, kwa hiyo wauza spea za mtumba Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road kwa walio Nairobi, wanazo kwenye makopo. Nenda na bolti ya zamani pamoja na nati yenye uzi sahihi, uijaribu kwa vidole: iingie mpaka mwisho bila spana.

Pikapu94
Nimepima, nyuzi 10 ni mm 12.5 kamili. Ya mkanda wa kiti je? M10 inapwaya, M12 haiingii.

SpanaKumiNaNne
Hiyo ni ya inchi, 7/16 yenye nyuzi 20 kwa inchi. Toyota nyingi wanatumia hiyo kwenye mikanda. Usipanue tundu kwa tepu ya M12! Tafuta bolti ya mkanda yenyewe, hata kutoka gari lililokatwa, mradi haijapinda wala kuliwa na kutu.

KlipuNaPaneli
Klipu: pima tundu la bati na tundu la paneli, kichwa peke yake kinadanganya. Nunua za akiba, maana plastiki ya zamani imekauka na nyingine zitakatika ukifungua. Ingiza uma wa kung'olea chini ya klipu yenyewe, usivute ukingo wa paneli. Mpya ziloweke kwanza maji ya moto dakika chache, zitalainika na kuingia bila kupasuka.