Tupeane uzoefu: matembezi ya siku kadhaa kwa ajili ya saratani ya matiti

Mwanzisha mada, Lubumbashi

Wapendwa, Oktoba, mwezi wa uhamasishaji wa saratani ya matiti, inakaribia na akina mama wa parokia yetu wameanza tena kupanga safari ya kwenda Likasi kwa miguu. Siongelei yale matembezi ya asubuhi moja, ya kukusanyika pale Posta, kuvaa fulana ya waridi, kupiga picha na saa tano kila mtu yuko kwake. Nayo yana kazi yake. Naongelea ya kulala njiani: kilomita 120 hivi, siku nne. Najua humu kuna waliotembea, wengine hapahapa Katanga, wengine ng'ambo. Tupeane uzoefu: mlitembeaje, mlilala wapi, pesa zilikwenda wapi, na njiani mlikutana na nini.

Nitangulie mimi. Huku kwetu Oktoba ndiyo mwezi wa joto kuliko yote. Mvua inatishia tu, na ikifika saa nne lami inawaka. Kwa hiyo tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, giza bado, tukatembea mpaka jua lipande, kisha tukajilaza chini ya miti mpaka saa tisa. Miombo ilikuwa imeshatoa majani machanga mekundu, lakini kivuli chake mwezi huo ni chembamba, unahama nacho kila mara. Malori ya shaba na kobalti hayalali kwenye ile njia. Tulipanga mstari mmoja upande wa kushoto ili tuyaone yanapokuja, wa mbele na wa nyuma wamevaa fulana za kung'aa. Hilo msilifanyie mchezo hata kidogo.

Siku ya kwanza mazungumzo yote yalikuwa ya miguu, nyimbo na rozari. Siku ya pili jioni, hatujafika Luishia, tulilala kwenye madarasa ya shule ya kijiji. Tumekula bukari (ugali) na lengalenga (mchicha), tumetandika vikwembe sakafuni, taa zimezimwa. Ndipo mama mmoja, ambaye miaka yote tunakaa benchi moja kanisani, akasema gizani kwamba tangu Pasaka ana kitu kigumu kwapani na hajamwambia hata mume wake. Hakuna aliyemjibu haraka. Baada ya muda sauti nyingine ikasema, "Hata mimi." Kisha ya tatu.

Tuliporudi wote watatu walisindikizwa kupimwa. Wawili hawakuwa na saratani. Wa tatu alikuwa nayo, na bado yuko kwenye matibabu.

Nimehudhuria mahubiri mengi ya Oktoba ya waridi, yenye vipaza sauti na mabango, na sijawahi kuona mtu akisimama kusema neno kama lile. Ndiyo sababu naitetea hii safari ndefu kila wanaponiambia ni kujitesa bure.

Muuguzi wa Kampemba

Yaya, mimi ndiye niliyekuwa na kile kisanduku cha dawa, kwa hiyo niongeze ya upande wangu.

Miguu kwanza. Soksi za pamba zikiloa jasho ndizo zinazoleta malengelenge. Beba jozi za kubadilisha, pakaa vaselini katikati ya vidole kabla ya kuanza, na ukisikia mahali panawaka, simama hapohapo, usingoje kituo. Lengelenge dogo liache, lifunike tu. Viatu vipya ni marufuku. Kwa maji, anayetoka jasho siku nzima hapaswi kunywa maji matupu peke yake. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Tulikuwa tunachanganya kwenye madumu kila asubuhi.

Sasa lililo kubwa. Kila tuliposimama, watu walitoka. Watoto wanaanza: "Bamama, munaenda wapi na ile jua?" Tunajibu Likasi. "Na miguu?" Tukisema ni kwa sababu gani, wanaume wanasogea pembeni na wanawake wanabaki. Mahali pamoja wanapouza makala (mkaa), mama mmoja aliniita nyuma ya mifuko yake, akafungua kikwembe. Ngozi ya titi la kushoto ilikuwa na vishimovishimo kama ganda la chungwa, chuchu imeingia ndani. Nikamuuliza lini ilianza. Akasema, "Haiumi, njo maana niliacha."

Hilo "haiumi" nalisikia kila wiki kazini. Uvimbe wa saratani ya titi mara nyingi hauumi mwanzoni. Watu wanangoja maumivu ndiyo waamini kuna ugonjwa, na maumivu yakija muda umeshakwenda. Kwa hiyo mkisimama vijijini semeni wazi: uvimbe mpya kwenye titi au kwapani, ngozi inayovutwa au kubadilika, chuchu inayoingia ndani wakati haikuwa hivyo, majimaji au damu inayotoka kwenye chuchu, kidonda kisichopona. Semeni pia kwamba uvimbe mwingi wa matiti si saratani. Bila hilo la pili mnawatia hofu na hawaendi kabisa. Lakini kwa macho wala kwa vidole hakuna anayeweza kukuhakikishia, hata mimi. Inatakiwa ekografi (kipimo cha mawimbi ya sauti) au mamografia (picha ya eksirei ya titi), na ikibidi kuchukua kipande kidogo cha uvimbe kikapimwe.

Mama yule wa makala hatukumwambia tu "nenda hospitali". Hospitali ipi, mlango upi, kwa nauli ya nani? Mmoja wetu alirudi naye mjini kwa gari siku ileile. Mpango wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka vipimo viwe vimekamilika ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kwa mara ya kwanza. Kwetu siku 60 zinaweza kuisha mtu bado anatafuta pesa ya kipimo cha kwanza.

Msafiri wa Kipushi

Sisi tulifanya fupi: Lubumbashi hadi Kipushi, kilomita 30 hivi, tukalala, kesho yake tukarudi. Kwa wenye umri mkubwa naipendekeza. Tahadhari moja ya karatasi: ofisi moja ilitupa ruhusa, njiani wengine wakadai malipo ya ruhusa hiyohiyo. Bebeni nakala kadhaa zenye muhuri, na asiongee kila mtu, mteueni msemaji mmoja mpole.

Dada wa Katuba, sasa Dallas

Mimi nilikulia Katuba, naishi Marekani. Mama mdogo wangu alifariki Lubumbashi kwa ugonjwa huu, na mwaka uliofuata nikajiandikisha kwenye matembezi ya siku tatu ya Susan G. Komen, shirika la huku la kupambana na saratani ya matiti. Matembezi ya aina hiyo yalianza California mwaka 1998 kwa udhamini wa Avon, kampuni ya vipodozi, baadaye yakaenea miji mingi. Ni maili 60, yaani karibu kilomita 97.

Jambo la kwanza litakalowashangaza ni pesa. Mwaka ule kila mtembeaji alitakiwa achangishe si chini ya dola 2,300, la sivyo hatembei. Nilipoona hiyo namba nilifunga kompyuta nikaenda kulala. Kisha nikapika. Sambusa, mikate, mishikaki, kila Jumapili baada ya ibada ya Wakongomani wa hapa. Wafanyakazi wenzangu nao walichangia, hata ambao sikutegemea.

Mipango yao, lazima niseme, ni ya kiwango cha juu. Usiku mnalala kwenye mahema ya waridi, wawili wawili, na mabafu yako ndani ya malori. Kuna magari yanayopita polepole kuokota walioshindwa, na hakuna anayemcheka aliyepanda. Hilo la magari naomba mliige hata kwa kuazima gari moja tu, kwa sababu mtu akijua ataokotwa anathubutu kuanza.

Watu wengi walikuwa na majina ya wapendwa wao mgongoni. Mimi niliandika "Mama Mdogo" na kila aliyeuliza nilimweleza ni nani. Siku ya tatu mzee mmoja wa kizungu, mke wake amefariki, alitembea na mimi saa nzima akitaka kujua mama mdogo wangu alikuwa anapika nini, anachekaje. Sikuwa nimelia tangu msiba. Nililia pale barabarani na yeye akanishikia chupa ya maji.

Lakini niliposoma habari ya mama wa makala nilisimama. Kule hakuna aliyetutokea nyuma ya mifuko. Wanawake waliokuwa wanatupungia mikono mlangoni, wengi wao wanapigwa mamografia kwa ratiba. Pesa zetu zilikwenda kwenye utafiti na kusaidia wagonjwa, na nafurahi. Ninyi mnafanya kitu ambacho sisi hatukufanya: mnawafikia ambao hakuna aliyewafikia. Naomba namba ya mtunza hazina wenu.

Mjomba wa Likasi

Mimi ni katika waliowapokea pale mwisho wa safari. Naandika kwa sababu ya wanaume.

Kaka yangu mkubwa aliugua saratani ya titi. Ndiyo, mwanaume. Ni wachache, hawafiki mmoja kati ya wagonjwa mia, lakini wapo. Chuchu yake ilivutika ndani, akadhani ni mzigo uliomgonga kazini. Alipofika kwa daktari aliona haya kukaa kwenye ile foleni ya wanawake, akarudi nyumbani. Alirudi hospitali baada ya miezi mingi. Tulimzika.

Kwa hiyo wakati wa kuandikisha watembeaji msituweke sisi wanaume kwenye kubeba maji na kuendesha gari tu. Tuacheni tutembee na tusikilize. Usiku ule wa madarasani mama alisema hajamwambia mume wake. Je, kama waume wangekuwa wanatembea upande wa pili, wakiambiwa maneno yaleyale na muuguzi?

Aliyepona, Ruashi

Nimesoma yote. Mimi nilikatwa titi la kulia na tezi za kwapani zikatolewa. Nilitembea siku ya mwisho tu, na nataka wanaopanga wajue mambo ambayo mwenye titi mbili hayawazi.

Mkono wa upande uliofanyiwa upasuaji unaweza kuvimba. Ukitembea muda mrefu umeuning'iniza, unajaa, vidole vinakuwa vinene, pete haitoki. Nilikuwa naufunga kwa kitambaa shingoni kwa zamu, kisha nauinua juu nikifumba na kufumbua ngumi. Mkono huo usibebe mfuko, usipimwe presha, usichomwe sindano. Nililiandika kwenye karatasi nikaibandika kwenye fulana, maana ukizimia hakuna wa kukusemea.

Ndani ya sidiria nina kifuko nilichoshona mwenyewe, pamba nje, mchele katikati upate uzito. Bila uzito huo bega linapanda na mgongo unauma kabla hujamaliza saa moja. Kwenye joto mchele unashika jasho, kwa hiyo nilikuwa na viwili, kimoja kinavaliwa, kingine kinaanikwa juu ya begi la mwenzangu. Anayetaka kipimo na namna ya kukata kitambaa aniandikie.

Na jambo la mwisho, nalisema kwa upendo. Tulipofika mjini walinipa kipaza sauti mara tatu. Wakaniita shujaa. Mimi namshukuru Mungu na bado nameza tamoxifen, kidonge cha kuzuia saratani isirudi, kila siku, daktari amesema miaka mitano, na siku nyingine nimechoka. Niulizeni kwanza kama nataka kuongea. Mama aliyetembea nami kimya kilomita za mwisho, akinishikia kile kifuko, ndiye aliyenifanyia sherehe.

Muuguzi wa Kampemba

Mama, hilo la mkono naliweka kwenye fomu ya kujiandikisha mwaka huu. Asante sana.

Mhasibu wa Katuba

Mmeuliza pesa zilikwenda wapi. Kila mtembeaji alikuwa na daftari. Mchangiaji anaandika kiasi kwa kila kilomita, na analipa baada ya safari kwa kilomita zilizotembewa kweli, kwa mkono au kwa simu. Fedha zote ziliingia kwenye namba moja yenye watu wawili wa kuthibitisha, siyo kwenye simu ya mwenyekiti. Tulikubaliana tangu mwanzo: ekografi, kupima kipande cha uvimbe, na nauli. Hatukuahidi kulipia upasuaji wala mionzi, kwa sababu mfuko wetu hauwezi, na kumwahidi mgonjwa kisha kumwacha katikati ni kumuumiza upya. Kila risiti ilipigwa picha, jina la mgonjwa likafunikwa, ikatumwa kwa wachangiaji. Waliochanga kidogo kabisa ndio walioandika kushukuru zaidi kwa picha hizo.

Dada wa Dallas, namba nimekutumia kwa faragha.

Mwanzisha mada, Lubumbashi

Nimeyachukua haya: gari la kuokota, wanaume watembee, fomu iwe na swali la upasuaji, hakuna kipaza sauti bila ruhusa. Bado sijapata jibu la jambo moja. Yule mama wa makala alirudi mjini siku ileile kwa sababu tulikuwa na gari. Safari hii wakitokea watatu au wanne kwenye vijiji tofauti, tunafanyaje? Nani ana uzoefu?

Mjomba wa Likasi

Watakaotokea baada ya Luishia msiwarudishe Lubumbashi, Likasi ni karibu zaidi. Nitaongea na madereva wawili wa taxi-bus ninaowafahamu, wawe wanapita njiani asubuhi na jioni siku zote nne. Nipe tarehe tu.