Kruzi inayofuata gari la mbele imenizoeza vibaya. Nifanyeje?

Baba_Neema: Ndugu zangu, naomba ushauri. Mwezi jana nilinunua gari lililotumika Japani. Lina kruzi, yaani mfumo wa gari kushika mwendo lenyewe bila wewe kukanyaga mafuta, tena inayofuata gari la mbele: lile likipunguza mwendo, langu nalo linapunguza. Hata mstari linaufuata, pale ambapo rangi haijafutika.

Ijumaa, tukienda Mombasa, tulipopita Mtito Andei nilikuwa namwandikia dada yangu ujumbe. Mke wangu akaniita kwa jina langu, si "Baba Neema" kama kawaida. Kuinua macho, matawi yametandazwa lamini, na mbele yake trela limeharibika, limesimama nusu barabarani. Gari halikuwa limeshika breki. Nilikanyaga mimi. Mtoto alilia hadi Voi.

Miaka 14 ya udereva sijawahi kuandika ujumbe nikiwa mwendoni. Kwa nini sasa?

Fundi_Changamwe: Pole sana kaka. Kruzi hiyo imetengenezwa kufuata kinachokwenda. Kilichosimama kabisa, nawe uko mbio, inaweza kukipuuza, maana rada yake, kihisi kinachopima vilivyo mbele, hupata mwangwi wa nguzo na madaraja pia. Ikishika breki kwa kila kimoja hamtafika. Na matawi yale turnboi, msaidizi wa dereva wa trela, aliyaweka kwa ajili ya macho ya mtu. Ukiwa 100, kila sekunde umekula mita 28.

Mama_K_SanJose: Shemeji, mshukuru Mungu. Huku California, Mountain View, Machi 2018, Tesla iliyokuwa ikijishikia usukani iliacha njia ikagonga kizuizi, dereva akafa. Wachunguzi walikuta mchezo umefunguliwa kwenye simu yake, na sekunde 6 za mwisho gari halikuhisi mikono kwenye usukani.

Umeuliza kwa nini sasa. Mwaka 1948 Mwingereza Norman Mackworth aliwapa watu kazi ya kutazama mshale unaozunguka, wangoje uruke. Nusu saa tu, wakaanza kukosa. Akili ikikosa kazi hutafuta nyingine, na simu iko mkononi. Gari langu lina kamera inayonitazama macho. Nikigeuka kidogo linapiga kelele. Lako halina, basi simu iweke kwenye buti.

Baba_Neema: Asanteni. Kumbe ndiyo sababu lilikaa kimya. Jumapili tunarudi Nairobi. Simu atashika Mama Neema, na kuanzia Mariakani hadi Voi, palipojaa malori, kruzi nitaizima.