Naomba ushauri: nawapataje magemu masta wa kujitolea bila kuwachosha?

Wakuu habari zenu, mimi niko Columbus, Ohio, tuna kikundi chetu kinaandaa tamasha dogo la magemu ya mezani kila mwaka, yale ya kuigiza wahusika kwenye hadithi kama Dungeons & Dragons, si ya kompyuta. Sasa shida iko kwa magemu masta, yaani wale wanaosimulia na kuendesha meza. Bila wao hakuna tamasha, wachezaji watakaa tu wanatazamana.

Mwaka jana nilikosea mwenyewe, nakiri. Jamaa mmoja nilimpa raundi tatu siku moja, kila moja masaa manne, meza ya watu sita, hakuna hata nafasi ya kula, jioni sauti imemkauka kabisa na mwaka huu hapokei simu yangu. Mwingine kaja na ramani zake na vinyago kapaka rangi mwenyewe, akakaa mezani peke yake, hakuna aliyejiandikisha. Iliniuma.

Matamasha makubwa kama Gen Con ya Indianapolis wana utaratibu wa kumrudishia hela ya kiingilio aliyeendesha masaa ya kutosha, sisi hela hiyo hatuna. Nimewaza kiingilio bure, chakula, na mwisho raundi mbili kwa siku.

Wenye uzoefu, mtu mgeni anayeogopa kusimamia meza mnamvutaje? Na huyu aliyenuna nimrudie vipi, niende na pilau nyumbani kwake au?